Kung'arisha CD Zenye Mikwaruzo: Kuosha, Kujaza na Kusugua kwa Mkono

Watu wenye CD za zamani huuliza maswali yanayofanana. CD ya taarabu inaruka katika wimbo wa tatu. Diski ya harusi iliyokaa kabatini miaka mingi inaonyesha miraba mahali pa sura za watu. Je, dawa ya meno inafaa kweli, na kama inafaa, diski isuguliwe kwa kuzungusha mkono au kwa namna gani? Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, ukianza na njia isiyodhuru diski na kumalizia na ile ambayo ikikosewa haina marekebisho. Shika jambo moja tangu mwanzo: kila unaposugua diski unaondoa plastiki, na plastiki hiyo hairudi. Kwa hiyo kazi imekwisha pale diski inaposomeka vya kutosha kunakiliwa, hata kama bado ina alama zinazoonekana kwa macho.

Tambua kwanza upande ulioumia

CD ina kipenyo cha milimita 120 na unene wa milimita 1.2, na karibu unene wote huo ni plastiki angavu ya polikaboneti ambayo mwali wa leza huipenya kutoka chini. Muziki wenyewe umo juu kabisa, karibu na maandishi: kuna tabaka jembamba la alumini, juu yake vanishi nyembamba mno, kisha wino wa chapa. Ndiyo kusema upande unaong'aa, ambao kila mtu anauogopea, una ngao nene, ilhali upande wenye maandishi, ambao watu huuandikia kwa kalamu ngumu na kuubandikia karatasi, ndio dhaifu. Mkwaruzo wa upande wa chini unaweza kung'arishwa. Mkwaruzo wa upande wa maandishi uliofika kwenye alumini umeondoka na muziki, na hakuna dawa inayoweza kuurudisha.

Inua diski mbele ya taa yenye mwanga mkali na uitazame dhidi ya mwanga huo. Ukiona vitundu au mistari inayopitisha mwanga waziwazi kuliko sehemu nyingine, alumini imetoka hapo. Vitundu vidogo vichache deki huvivumilia; vikiwa vikubwa, usijichoshe kusugua, ruka moja kwa moja hadi hatua ya kunakili. Zipo pia diski zilizougua kwa ndani. CD kadhaa zilizotengenezwa katika kiwanda cha PDO huko Blackburn, Uingereza, kati ya mwaka 1988 na 1993 hugeuka rangi ya shaba kuanzia ukingoni, kwa sababu vanishi yake haikuweza kuzuia salfa iliyotoka katika karatasi za jalada. Diski ya namna hiyo inahitaji kunakiliwa haraka, na polishi haitaisaidia lolote.

DVD hung'arishwa kwa njia hii hii, ila uwe na mkono mwepesi zaidi, kwa kuwa imeundwa kwa vipande viwili vya milimita 0.6 vilivyogandishwa pamoja na data ipo katikati. Blu-ray usiiguse kwa polishi ya aina yoyote. Data yake iko chini ya tabaka la milimita 0.1 tu, na juu ya tabaka hilo kuna ngozi ngumu ya kuzuia mikwaruzo ambayo ukiiondoa umeiharibu diski.

Mahitaji

- Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na maji safi ya vuguvugu. Kama maji ya kwenu ni ya kisima yenye chumvi, jambo la kawaida katika sehemu nyingi za pwani, tenga maji ya mvua au ya chupa kwa ajili ya kusuuza mara ya mwisho, kwa sababu chumvi ikikauka huacha madoa yanayohitaji kusuguliwa tena.
- Vitambaa vitatu laini vya aina ya kufutia miwani, au fulana ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Karatasi za chooni na za jikoni hazifai, kwani nyuzi zake hukwaruza.
- Taulo safi ya kulazia diski.
- Nta ya gari isiyo na chembe za kusugulia, au mafuta ya mgando ya kujipaka.
- Polishi ya gari ya kusugulia, ile ambayo mafundi rangi huitumia kuondoa ukungu kwenye rangi iliyofifia. Dawa ya meno nyeupe ya kawaida inaweza kushika nafasi yake, na Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, pia.
- Msasa wa maji namba 2000, kwa mikwaruzo mirefu ya kina peke yake. Wengi hawatauhitaji.
- Diski moja usiyoijali, ya kufanyia mazoezi.

Usilete karibu na diski petroli, thina, wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha yenye asetoni. Vimiminika hivi huila polikaboneti, na uso wa diski hugeuka mweupe wenye nyufa ndogondogo kabla hujawahi kuufuta.

Hatua za kazi

1. Hakikisha tatizo ni la diski. Cheza diski nyingine nzima katika deki ile ile. Ikiwa nayo inaruka, tatizo lipo kwenye deki, na mara nyingi ni lenzi iliyojaa vumbi. Ikiwa inacheza vizuri, rudisha diski mbovu, andika inaruka katika wimbo gani na dakika ya ngapi, kisha itafute sehemu hiyo kwenye uso wa diski. CD husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa hiyo wimbo wa kwanza upo karibu na tundu. Hata hivyo nusu ya muda haipo nusu ya njia: katika CD iliyojaa ya dakika 74, dakika ya 37 inaangukia takriban milimita 45 kutoka kitovu cha diski, mbali kuelekea ukingoni kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mizunguko ya nje ni mirefu na hubeba muziki mwingi zaidi. Kujua mahali penyewe kunakuokoa usisugue diski nzima kwa ajili ya mkwaruzo mmoja.

2. Pima kina cha mkwaruzo. Pitisha ukucha polepole kuukata mkwaruzo. Ukucha ukiteleza bila kunasa, kuosha na polishi vitatosha. Ukinasa, mkwaruzo ni wa kina na kazi itakuwa ndefu. Tazama pia mwelekeo wake. Mkwaruzo unaokwenda moja kwa moja kutoka tunduni hadi ukingoni hukata kila mzunguko kwa kipande kidogo tu, na CD imewekewa mfumo wa kusahihisha makosa unaoweza kuziba pengo la hadi karibu milimita 2.5 katika mstari wa data. Mkwaruzo unaofuata mzunguko wa diski ndio wa kuogopwa, kwa sababu unaweza kufunika urefu mkubwa wa mstari ule ule na kuushinda mfumo huo. Alama ya urefu wa kidole iliyosimama wima inaweza isisikike kabisa, wakati alama fupi ya mviringo ikanyamazisha wimbo.

3. Osha. Nawa mikono kwanza. Lowesha diski kwa maji ya vuguvugu, weka tone la sabuni upande wa chini, na ufute kwa ncha za vidole kwa mistari iliyonyooka kutoka katikati kwenda nje. Usifute kwa kuzunguka, kwa kuwa punje moja ya mchanga ikizungushwa itachora mkwaruzo wa aina ile mbaya niliyoitaja. Suuza vizuri, kung'uta maji, na ukaushe kwa kitambaa kwa mwelekeo uo huo. Maji ya moto, jua kali na mashine ya kukaushia nywele huikunja diski, basi viepuke. Diski za kuchoma, ambazo utazitambua kwa upande wa chini wenye rangi ya kijani, samawati au zambarau badala ya fedha tupu, zisiachwe zikaloa majini. Zipitishe chini ya bomba na uzikaushe mara moja. Mafuta ya vidole yanayogoma sabuni hutoka kwa spiriti kidogo kwenye kitambaa, upande wa chini tu, kwani juu huweza kufuta wino.

4. Jaribu tena kabla ya kuendelea. Diski nyingi zinazoletwa kung'arishwa zilikuwa chafu tu, na hatua ya tatu huwa ndiyo ya mwisho kwao. Ikicheza, nenda hatua ya nane.

5. Jaza mikwaruzo kwa nta. Njia hii ningependa iwatangulie watu wote wanaokimbilia dawa ya meno, kwa kuwa haiondoi plastiki na inaweza kufutwa. Leza hupotoshwa na hewa iliyomo ndani ya mfereji wa mkwaruzo. Nta inapoujaza mfereji huo, mwanga hupita karibu kama unavyopita katika plastiki. Paka nta kidogo sana juu ya sehemu iliyoumia, iache kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha futa ziada kwa kitambaa safi, kutoka katikati kwenda nje, mpaka uso usiwe na utando wowote. Mafuta ya mgando hufanya kazi hiyo hiyo papo hapo, ila hayadumu na hukusanya vumbi, kwa hiyo yatumie pale unapokusudia kunakili saa ile ile. Nta ikibaki nene upande mmoja itarukia kwenye lenzi ya deki, na hapo utakuwa na matatizo mawili.

6. Sugua kwa polishi. Fika hapa ikiwa nta haikutosha, na uioshe yote kwa sabuni kwanza. Laza diski juu ya taulo iliyokunjwa, maandishi yakiwa chini, juu ya meza iliyo sawa; hakikisha taulo haina hata punje ya mchanga, maana upande dhaifu ndio unaoikandamiza. Weka polishi ya kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa chenye unyevu, si juu ya diski. Shikilia diski ukingoni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine sugua kwa vidole viwili, mbele na nyuma, kwenye mstari unaotoka tunduni hadi ukingoni. Mgandamizo uwe ule unaotumia kufuta miwani. Ukisukuma kwa nguvu diski hupinda, na kupinda huko huweza kuvunja alumini iliyo juu. Sugua eneo lenye mkwaruzo pamoja na upana wa kidole kila upande wake, ili usichimbe shimo mahali pamoja. Ongeza tone la maji polishi inapoanza kukauka.

   Endelea kwa dakika chache, suuza, kausha, kisha tazama uso kwa pembe chini ya taa. Kingo za mkwaruzo zilizokuwa kali zinapaswa kuwa zimelainika. Si lazima mkwaruzo upotee. Leza inapoingia kwenye plastiki bado ina upana wa karibu milimita 0.8, na hukusanyika kuwa nukta ndogo kabisa pale tu inapofika kwenye alumini. Ndiyo maana alama nyepesi iliyolainishwa kingo huwa haioni kabisa. Jaribu diski katika deki baada ya kila duru ya kusugua, na ukome mara inaposomeka.

   Kuhusu dawa ya kuchagua: kwa maoni yangu polishi ya gari ndiyo bora, kwa sababu chembe zake zimesagwa kwa kipimo kinacholingana. Dawa ya meno hufaa lakini haitabiriki, kwani aina moja huacha uso laini na nyingine ikaacha ukungu. Epuka zile zenye punje zinazoonekana au zinazojisifu kung'arisha meno kupita kiasi. Brasso hukata haraka. Ina harufu kali na haipendezi ikikaukia kwenye diski, hivyo itumie penye hewa, kidogo kidogo, na uioshe mara umalizapo.

7. Tumia msasa kama njia ya mwisho. Mkwaruzo wa kina unaonasa ukucha, na ambao polishi imeushindwa, unaweza kupunguzwa kwa msasa wa maji namba 2000. Uloweshe msasa kwenye maji yenye sabuni, na upitishe juu ya eneo dogo lile, kwa mistari ya katikati kwenda nje, huku ukiongeza maji muda wote. Uso utageuka wa kijivu na diski haitasomeka kabisa. Usishtuke, hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Baada ya hapo rudia hatua ya sita kwa subira mpaka rangi ya kijivu iondoke yote. Asiyekuwa na muda wa kumaliza polishi asianze msasa. Na asiyewahi kufanya hivi aanzie kwenye ile diski ya mazoezi, ambayo ataikwaruza kwa makusudi kisha aiponye.

8. Nakili siku hiyo hiyo. Weka diski kwenye kompyuta na uichukue yote ingali inasomeka. Kwa CD za muziki, programu ya Exact Audio Copy kwenye Windows na cdparanoia kwenye Linux husoma sehemu mbovu mara nyingi na kulinganisha matokeo, jambo ambalo deki ya sebuleni haifanyi. Kwa CD na DVD za data, programu ya ddrescue inafaa. Kwa VCD (CD za video) za harusi na mawaidha, programu ya IsoBuster hutoa faili za video hata pale Windows inapogoma. Punguza kasi ya kusoma hadi 4 au 8 pale programu inaporuhusu. Ukitaka kuchoma nakala kwa ajili ya deki ya zamani, tumia CD-R, ile inayochomwa mara moja tu. CD-RW, ile inayoweza kufutwa na kuchomwa tena, huakisi mwanga kidogo, na deki nyingi za zamani haziioni.

Mambo yasiyo na faida

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapenzi wa muziki walikuwa wakipaka wino wa kijani kwenye ukingo wa CD wakiamini sauti itakuwa safi zaidi. Haiwi. Kuigandisha diski kwenye friji hakuponyi mkwaruzo, na kupitisha sumaku juu yake hakuna maana, kwa kuwa alumini haishikwi na sumaku. Ndizi nayo huzungumzwa sana. Kinachotokea ni kwamba utelezi wake hujaza mikwaruzo kwa muda mfupi kama mafuta ya mgando, isipokuwa mafuta hayaozi ndani ya deki.

Ikiwa bado kuna tatizo

Diski imebaki na ukungu mweupe baada ya kusugua. Dawa uliyotumia ina chembe kubwa mno. Osha yote, badilisha kitambaa kwa sababu chembe zimebaki ndani yake, kisha usugue tena kwa polishi laini zaidi.

Inaruka pale pale kama zamani. Irudishe mbele ya taa. Pengine mkwaruzo ulioung'arisha haukuwa ndio wenye kosa, na kosa lipo upande wa maandishi, juu ya sehemu hiyo hiyo.

Inaruka mahali papya. Kuna uchafu kwenye kitambaa uliochora alama mpya, au utando wa polishi haujaondoka vizuri. Anza kwa kuosha.

Deki inasema hakuna diski. Jedwali linaloieleza deki kuna nyimbo ngapi na zinaanzia wapi limeandikwa kwenye ukanda wa ndani kabisa, kiasi cha milimita 23 hadi 25 kutoka kitovu. Ukanda huo mwembamba ukiwa na doa, diski nzima huonekana tupu. Usafishe na kuung'arisha kwa uangalifu, na ujaribu katika deki zaidi ya moja.

Inanguruma na kutetemeka. Mara nyingi karatasi iliyobandikwa juu imekaa upande. Usiibandue, kwani gundi itaondoka na alumini. Isome kwa kasi ndogo.

Ina ufa unaoanzia tunduni. Usiitie kwenye kompyuta hata kidogo. Kompyuta yenye kasi ya 52 huzungusha diski takriban mara 10,000 kwa dakika, na diski yenye ufa inaweza kupasuka vipande ndani yake. Deki ya kawaida ya muziki huzungusha CD kati ya mara 200 na 500 kwa dakika, kwa hiyo icheze humo, chomeka waya kutoka tundu la vipokea sauti vya deki hadi kwenye kinasa sauti au kompyuta, na urekodi muziki ukiwa unacheza. Polishi usiipake, kwa sababu mgandamizo wa kusugua huurefusha ufa.